Kubofya Kichwa cha Safu Katika Jedwali la Programu

Mhadhara kwa wanafunzi wa uandishi wa programu, Kampala

Ndugu wanafunzi, habari za mchana. Chukueni daftari la chama cha wakulima wa kahawa, limewekwa kwenye jedwali la kompyuta: Jina, Wilaya, Kilo, Bei. Karani wa Mbale anataka kubofya neno Kilo ili mistari ijipange. Nitatumia Java na maktaba yake ya Swing, inayochora madirisha na majedwali.

Mtego wa kwanza huu hapa. Umeunda JTable, yaani jedwali la Swing, ukaifungia kisikilizi (msimbo unaosubiri mbofyo) kwa addMouseListener, ukabofya kichwa: kimya. Sababu ni kwamba kichwa si sehemu ya jedwali. Ni kitu kinachojitegemea, JTableHeader, na JScrollPane, paneli ya kusogeza, ndiyo inayokipandisha juu ya jedwali. Ukiliweka jedwali kwenye paneli bila JScrollPane, vichwa huvioni kabisa. Kwa hiyo kisikilizi kifungwe kwenye getTableHeader().

Ndani yake, uliza columnAtPoint(e.getPoint()). Ukipata -1, mtu amebofya nje ya safu zote, acha. Ukipata 2, usikimbilie kusema ni Kilo. Hesabu inaanzia 0, kweli, lakini hiyo ni nafasi ya safu kama inavyoonekana kwenye skrini, na Swing humruhusu mtumiaji kuburuta safu. Karani akiisogeza Bei mbele ya Kilo, 2 sasa ni Bei. Pitisha namba hiyo kwenye convertColumnIndexToModel kwanza, ikupe nafasi ya safu ndani ya modeli, yaani data yenyewe, ambayo haibadiliki safu zikiburutwa. Kosa hili ni baya kwa sababu halijitokezi kwenye majaribio: mwandishi wa programu haburuti safu zake mwenyewe, karani anaburuta.

Kuna anayeuliza kwa nini asitumie mousePressed (kubonyeza tu), maana mouseClicked (kubonyeza na kuachia) wakati mwingine haiitiki. Haiitiki kwa kuwa mkono umesogea kati ya kubonyeza na kuachia. Lakini kuburuta safu na kuipanua nako huanza kwa kubonyeza, kwa hiyo ukipanga mistari kwenye mousePressed, kila anayepanua safu atavuruga mpangilio wake. Bakini na mouseClicked. Menyu ya kitufe cha kulia ni habari nyingine: isPopupTrigger, inayouliza kama mbofyo huu ni wa kufungua menyu, hurudisha true wakati wa kuachia kwenye Windows na wakati wa kubonyeza kwenye Linux, basi ikaguliwe mara zote mbili.

Kama haja yako ni kupanga tu, usiandike kisikilizi. Tangu Java 6, ya mwaka 2006, setAutoCreateRowSorter(true) inatosha. Ila ukiiwasha huku kisikilizi chako cha zamani nacho kinageuza mpangilio, mbofyo mmoja unageuza mara mbili, na jedwali linaonekana halijafanya kitu.

Hapo karani atalalamika kwamba kilo 1200 inatangulia kilo 90. DefaultTableModel husema kila safu ni Object, kwa hiyo mpangaji hulinganisha maandishi, na herufi 1 iko kabla ya 9. Andika upya getColumnClass irudishe Integer.class kwa Kilo, na ndani ya modeli weka namba zenyewe. Ukihifadhi "1,200" pamoja na mkato wake, umehifadhi maandishi. Mkato ni kazi ya mchoraji wa seli, msimbo unaoamua namba ionekaneje kwenye skrini. Kwa safu ya shilingi tumieni Long. Integer inaishia 2,147,483,647, na kwa shilingi yetu malipo ya msimu mzima ya chama yanaweza kuivuka.

Mistari nayo ina namba mbili. Baada ya kupanga, getSelectedRow hutoa mstari wa skrini. Ukifuta moja kwa moja kutoka kwenye modeli, unamfuta mkulima wa Masaka ilhali karani alimchagua wa Mbale. Tumia convertRowIndexToModel, lakini hakikisha kwanza jibu la getSelectedRow si -1, maana kama hakuna kilichochaguliwa programu itatupa hitilafu.

Kwa wale wa Python na maktaba yake ya madirisha, Tkinter: Treeview, jedwali lake, hupokea amri kwenye heading(), hamhitaji kutafuta pointi. Tatizo lenu ni kitanzi. Mkiandika lambda (kazi fupi isiyo na jina) hivi, lambda: panga(safu), ndani ya kitanzi cha for, vichwa vyote vitapanga safu ya mwisho, kwa sababu jina safu husomwa wakati wa kubofya. Andikeni lambda s=safu: panga(s). Na kabla ya kulinganisha kilo zilizosomwa kutoka Treeview, zigeuzeni kwa int().