Damu ya Kabla ya Kisu

Wazee wangu, shikamooni. Wauguzi wenzangu, ndugu wa wagonjwa, habari za jioni.

Nianze na mama mmoja. Alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, kidonda kikapona vizuri, akarudi shambani. Baada ya mwaka na kitu mwanawe akamleta kwangu na karatasi ya maabara ya kipimo cha damu kiitwacho CEA: 9. "Daktari, ugonjwa umerudi?" Nikafungua faili kutafuta CEA ya kabla ya upasuaji. Haikuwemo. Na tangu apasuliwe hakuna aliyempima tena. Nilibaki na ile 9 mkononi, nimeshindwa kumjibu kijana wa watu.

CEA ni protini ambayo utumbo wa mtoto huitengeneza kwa wingi akiwa bado tumboni mwa mama. Akishazaliwa, hubaki kidogo sana. Saratani huirudisha. Waliogundua hilo ni Phil Gold na Samuel Freedman, mjini Montreal, Kanada, mwaka 1965. Kwa kawaida haizidi nanogramu 5 kwa mililita, ila mvuta sigara anaweza kuwa nayo juu bila saratani yoyote, na mwenye ugonjwa wa ini vilevile. Kuna uvimbe mwingine wa saratani hauitoi kabisa. Kwa hiyo msiende kesho kupanga foleni maabara mkiwa wazima. Kwa kusaka saratani kwa mtu asiye na dalili, kipimo hiki hakifai.

Faida yake iko kwa aliyekwisha kugunduliwa. Ikiwa ilikuwa 40 kabla ya kisu, na wiki ya sita baada ya upasuaji imeshuka hadi 2, najua kilichokuwa kikiitoa kimeondoka. Ikibaki juu, nina wasiwasi kuna kilichobaki, na jicho langu la kwanza liko kwenye ini. Ikiwa ilikuwa 2 tangu mwanzo, basi 2 ya baadaye hainipi utulivu ule ule. Ndiyo maana nawasihi: damu ichukuliwe kabla. Baadaye ni kila miezi mitatu hadi sita katika miaka ya mwanzo, hata kama mgonjwa analima na kucheka. Yule mama tulirudia kipimo, kikawa kimepanda, na picha ya CT ikaonyesha madoa kwenye ini. Doa la ini likiwahiwa huweza kukatwa. Yake yalikuwa yameshasambaa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa twende wodini, siku za mwanzo. Hapa hofu yetu kubwa ni mshono wa ndani, pale utumbo ulipounganishwa, kuvuja. Kinyesi kikimwagika tumboni, mtu anaweza kufa. Kipimo kinachotusaidia ni CRP, protini ya ini inayopanda mwili unapopambana. Kisu chenyewe huipandisha; hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha inapaswa kushuka. Ikiwa siku ya nne iko chini ya miligramu 150 kwa lita, inaendelea kushuka, na mgonjwa hana homa, uwezekano wa kuvuja ni mdogo sana na tunaweza kuanza kuzungumzia kurudi nyumbani. Ikiwa juu, haithibitishi kwamba mshono umevuja. Inaweza kuwa nimonia au usaha wa kidonda, na wengi wenye namba kubwa mshono wao uko salama. Lakini mfunue shuka, mshike tumbo, hesabu mapigo ya moyo. Muuguzi ukiona namba imegoma kushuka, mwamshe daktari, usingoje raundi ya asubuhi.

CRP hiyo hiyo, ikipimwa kabla ya upasuaji pamoja na albumini, protini nyingine ya damu inayotengenezwa na ini, inatabiri mbali zaidi. Madaktari wa Glasgow, Uskoti, walitengeneza alama rahisi: CRP zaidi ya 10 ni alama moja, na ikiambatana na albumini chini ya gramu 35 kwa lita, ni mbili. Mwenye mbili yuko katika hatari kubwa zaidi ya matatizo baada ya upasuaji, na miaka yake kwa wastani huwa michache kuliko ya mwenye sifuri. Hapo huhitaji mashine ya ajabu.

Ndugu wa mgonjwa wakisikia albumini imeshuka hukimbilia mayai. Mlisheni, tafadhali, ila msijilaumu isipopanda kwa wiki moja. Mara nyingi si njaa peke yake: uvimbe umewasha moto mwilini, ini limeacha kutengeneza albumini ya kutosha, linashughulikia CRP.

Ombi langu kwenu familia ni dogo. Kila jibu la maabara, ombeni nakala, mkaiweke kwenye bahasha moja. Juu ya kila nakala andikeni tarehe, na ni siku ya ngapi tangu apasuliwe. Bahasha hiyo ije naye kila kliniki, hata akihamia mkoa mwingine.