Kunde Ngapi Zinafanya Rundo?

Zuhura: Karibuni tena kibarazani. Leo tunacheza na mafumbo mawili ya Eubulides wa Miletus, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliyeishi zama moja na Aristotle na kubishana naye sana. Baraka, anza na lile la pembe.

Baraka: Haya dada. Unakubali kwamba kitu ambacho hujakipoteza bado unacho?

Zuhura: Nakubali.

Baraka: Umewahi kupoteza pembe?

Zuhura: Sijawahi.

Baraka: Basi unazo.

Zuhura: (anacheka) Tukicheza na marafiki napenda kufungulia na hili, maana ukilikagua unaona mara moja lilikoharibika. Mtu hapotezi asichowahi kuwa nacho. Ile kauli ya kwanza ilishaniwekea pembe kichwani kabla sijaulizwa chochote. Baada ya hapo marafiki hawaitikii tena "ndiyo" ovyo ovyo.

Baraka: Na hapo ndipo sinia la kunde linapoletwa.

Zuhura: Waeleze wasikilizaji linavyochezwa.

Baraka: Unamwaga kunde katikati ya sinia mpaka kila mtu akubali kwamba hilo ni rundo. Halafu unauliza: nikitoa punje moja, litaacha kuwa rundo? Wote watasema hapana, punje moja haibadilishi kitu. Unatoa moja. Unauliza tena. Unatoa nyingine. Ukiendelea hivyo utabakiwa na punje moja peke yake, na kwa kauli zenu wenyewe bado ni rundo.

Zuhura: Sharti letu ni moja tu. Ni marufuku kusema "haya ni maneno tu" ukanyamaza. Sema ni hatua ipi unaikataa. Ukikataa kwamba punje moja haibadilishi kitu, tuonyeshe punje iliyobadilisha. Ukikataa kwamba lilikuwa rundo tangu mwanzo, basi hujawahi kuona rundo maishani mwako.

Baraka: Mimi raha yangu iko pale katikati. Mwanzoni majibu yanatoka kwa kelele, "Rundo! Rundo!" Kisha kunde zinaanza kulala chini, hakuna tena ya kukaa juu ya mwenzake, na sauti zinapungua. Mmoja anasogea kulichungulia sinia. Mwingine anasema "rundo... dogo." Na ukigeuza mchezo, ukaanza na punje moja ukawa unaongeza, watu wale wale hawakubali kuliita rundo pale walipoliachia wakati wa kupunguza. Wanachelewa. Idadi ni ile ile, jibu ni jingine, kutegemea umetokea upande gani.

Zuhura: Hapo ndipo naona fumbo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Chrysippus, mwanafalsafa wa Kistoa, alishauri ukiulizwa hivi hatua kwa hatua unyamaze mapema, kabla hujafika penye giza. Cicero, mwandishi wa Kirumi, ameandika jinsi Carneades, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, alivyomjibu: hata ukikoroma ni sawa, atatokea mtu wa kukuamsha akuulize lile lile.

Baraka: Carneades angefaa sana barazani kwetu.

Zuhura: Sana. Sasa tuambie wewe unakataa hatua ipi.

Baraka: Nakataa kwamba jibu ni ndiyo au hapana pekee. Mtaalamu wa hesabu Lotfi Zadeh, mwaka 1965, alipendekeza hesabu ya makundi ambamo kitu kinaweza kuwamo kwa kiasi fulani. Kwa hiyo kila punje inayotoka inapunguza urundo kidogo. Na wazo hilo lilifanya kazi: treni ya chini ya ardhi ya Sendai, Japani, iliyoanza mwaka 1987, iliendeshwa kwa mitambo iliyofuata hesabu hiyo, ikifunga breki taratibu bila kusukuma abiria.

Zuhura: Kwa treni, sawa. Lakini umeuhamisha mpaka, hujauondoa. Niambie, ni punje ipi iliyolitoa rundo kwenye "rundo kabisa" ikaliingiza kwenye "rundo kwa kiasi"?

Baraka: (kimya) Aisee. Hapo umenibana.

Zuhura: Mimi niko na mwanafalsafa Timothy Williamson. Kitabu chake cha mwaka 1994 kinatetea kwamba mpaka upo, kwenye punje moja kamili, ila sisi hatuna njia ya kuujua.

Baraka: Lakini dada, nani aliuweka huo mpaka? Sisi ndio tunaolitumia neno hili kila siku, na hakuna aliyekaa chini akahesabu.

Zuhura: Anasema matumizi yetu wote kwa pamoja ndiyo yanayouweka, bila yeyote kuyaona yote. Najua linakwaza. Lakini angalia gharama ya majibu mengine. Wewe inabidi ubadilishe kanuni za mantiki. Mimi nakubali tu kwamba kuna jambo silijui.

Baraka: Hapana, bado nakataa. Tazama Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009. Mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Usiku mmoja unapita, asubuhi si mtoto tena. Hakuna anayeamini kwamba ule usiku ulimkomaza. Mpaka uliwekwa kwa sababu mahakama haiwezi kufanya kazi bila mpaka. Tumeuchora wenyewe, na pale ambapo hatujauchora, haupo.

Zuhura: Kama haupo, zile kunde za sinia tukiwa katikati ya kupunguza, ni rundo au si rundo?

Baraka: Si kweli kwamba ni rundo, na si kweli kwamba si rundo.

Zuhura: Umesikia ulichosema?

Baraka: Nimesikia, na sirudi nyuma. Kipindi kijacho tunachukua fumbo la tatu la Eubulides, la mtu anayesema "ninachosema sasa ni uongo," na jibu hilo hilo nitakuja nalo.

Zuhura: Njoo nalo. Nitakuwa nimeshaliandalia swali.