Mkono Ulioishia Usawa wa Sikio

ZAWADI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zawadi, niko na mwenzangu Bakari. Leo tunamzungumzia mwanachuo ambaye darasani ni kimya, lakini akishatoka nje ya mlango anawaeleza wenzake kila kitu alichotaka kusema.

BAKARI: Huyo nilikuwa mimi, miaka yangu miwili ya kwanza chuoni. Semina inaendelea, nina swali. Naliandika pembeni mwa daftari, nafuta neno, naandika tena. Mkono unaanza kupanda, unafika usawa wa sikio, halafu najifanya najikuna. Mara mwenzangu anauliza lile lile, tena kwa kubabaika, na mhadhiri anamwambia, "Swali zuri sana." Dada, niliumia.

ZAWADI: Pole. Hasa ulikuwa unaogopa nini?

BAKARI: Kuonekana. Nilikuwa na hakika kwamba nikifungua mdomo tu, darasa zima litasikia sauti inavyotetemeka na kujua nina hofu.

ZAWADI: Hapo ndipo ninapotaka tukae. Mwaka 2003, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha utafiti kuhusu watu waliopewa kazi ya kuhutubia. Baadhi hawakuambiwa lolote kuhusu woga. Wengine walitulizwa tu: msijali, wasiwasi ni kawaida. Kundi la tatu likaelezwa jambo moja zaidi, kwamba hofu unayoihisi ndani haionekani nje kwa kiasi unachodhani. Hao wa tatu ndio waliohutubia vizuri zaidi, kwa macho ya waliowasikiliza na kwa maoni yao wenyewe.

BAKARI: Kwa hiyo ile "usiogope bwana" tunayopeana mlangoni...

ZAWADI: Inasemwa kwa upendo, lakini haimwachii mtu kitu cha kushika. Anabaki na hofu yake, na sasa anaona aibu kwamba bado anayo. Mwambie hivi: moyo wako unausikia wewe peke yako. Aliyekaa kiti cha tatu anamwona mtu anayeongea, basi.

BAKARI: Laiti ningeambiwa hivyo mwaka wa kwanza. Na mwili nao una njia zake. Adrenalini, ile homoni ya mwili wakati wa hofu, ikimwagika, moyo unakwenda mbio, kinywa kinakauka, mikono inatetemeka. Wasilisho langu la kwanza nilishika karatasi moja laini. Karatasi ile inakuza mtetemo, kila mtu anauona! Nikawageuzia watu mgongo, nikasoma slaidi ukutani mpaka mwisho.

ZAWADI: Ungeiweka mezani, au ungeandika kwenye kadi ngumu.

BAKARI: Ndivyo ninavyofanya siku hizi. Na kabla sijasimama navuta pumzi, halafu naitoa taratibu, kwa muda mrefu kuliko nilivyoivuta. Moyo hupunguza kasi pale unapotoa pumzi. Fanya mara nne au tano ukiwa umekaa, hakuna atakayejua.

ZAWADI: Mimi naongeza sentensi ya kwanza. Iwe kichwani kama jina lako. Sentensi moja tu, siyo hotuba nzima. Anayekariri yote akipotewa na neno moja, yaliyobaki yanamponyoka. Sentensi ya kwanza ikishatoka, sauti yako umeshaisikia chumbani, na ya pili inapata pa kushika.

BAKARI: Na fanya mazoezi kwa sauti, umesimama. Kupitia slaidi kitandani kimya kimya ni kusoma.

ZAWADI: Kuna jambo linanikera, Bakari, niliseme? Kazi za vikundi. Mpole wa kikundi anapewa kubonyeza slaidi. Muhula huu, na muhula ujao. Anamaliza shahada akiwa fundi wa kubonyeza. Wenzake wanaona wamemsitiri, kumbe wamemnyima nafasi ya kujifunza.

BAKARI: Lakini wengine wanaomba wenyewe, na alama ni za kikundi kizima. Kumlazimisha asimame dakika kumi ni kumtesa.

ZAWADI: Sisemi dakika kumi. Mpeni sehemu aliyoitafiti mwenyewe, hata kama ni dakika moja na nusu. Mtu akieleza kitu alichokihangaikia kwa mkono wake, maneno yanakuja. Anayeyumba mara nyingi ni yule anayesoma aya iliyoandikwa na mwenzake.

BAKARI: Hapo nakubaliana nawe. Tena kuna wanaosoma kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwao. Huyo jibu analo, anachoogopa ni sarufi.

ZAWADI: Huyo aseme sentensi fupi. Sentensi fupi ina mahali pachache pa kukosea. Na akipewa swali, ana haki ya kusema, "Naomba nifikiri kidogo." Miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani aitwaye Mary Budd Rowe alichunguza masomo ya sayansi katika shule za watoto, akakuta walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kuendelea. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu, na hata wale waliozoea kunyamaza wakaanza kujibu.

BAKARI: Sekunde 3! Kumbe mtoto hakukosa jibu, alikosa nafasi.

ZAWADI: Ndiyo maana namwambia mwanachuo: usiingoje nafasi ile, ingia nayo. Soma kabla ya semina, andika swali moja, uliulize katika dakika kumi za kwanza. Ukingoja, wengine watakuwa wameshasema mengi na swali lako utaliona dogo.

BAKARI: Na kama sauti ikitetemeka?

ZAWADI: Itetemeke. Malizia sentensi.

BAKARI: Nami namwomba msikilizaji wetu: mkono ukifika usawa wa sikio wiki hii, usijikune. Upandishe hadi juu, halafu utuandikie uliuliza nini.

ZAWADI: Swali lenyewe, tafadhali, neno kwa neno. Tutalisoma hapa wiki ijayo bila kutaja jina lako.