Fundi wa Nzi Asiyevua: Kumkumbuka Megan Boyd

Mabibi na mabwana, wazee wangu shikamooni, na nyinyi wenzangu mnaoinamia jiriwa tangu asubuhi, hamjambo.

Kuna swali hatulikwepi. Ukimwambia mtu unafunga nzi wa kuvulia samaki, yaani chambo bandia cha manyoya na nyuzi kinachofungwa kwenye ndoana, anakuuliza papo hapo: wewe mwenyewe unavua? Wengi wetu hatuvui. Nzi tunaowafunga hapa Kenya husafiri Ulaya na Marekani, wakarushwa kwenye mito ambayo hatujaikanyaga. Zamani nilikuwa naona haya kujibu. Siku hizi namtaja Megan Boyd.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1915, akakulia Sutherland, kaskazini mwa Uskoti, ambako baba yake alikuwa mlinzi wa mto. (Uskoti si mbali nasi kama mnavyodhani: samaki aina ya trauti waliotiwa Mto Gura hapa Kenya mwaka 1905 asili yao ni ziwa la Loch Leven, hukohuko Uskoti.) Ufundi alifunzwa akiwa msichana na mzee mmoja mlinzi, Bob Trussler. Mzee alimpa nzi waliokwisha kufungwa, akamwambia afumue mmoja mmoja, kisha vitu vilevile avifunge upya kwenye ndoana ndogo zaidi.

Sasa, samoni ni samaki wa ajabu. Akishaingia mtoni kutoka baharini kwenda kutaga, hali tena. Kwa hiyo nzi wa samoni hamwigi mdudu yeyote. Ni pambo tu linalopita mbele ya samaki asiye na njaa, naye analidaka, sijui kwa hasira, sijui kwa mazoea.

Mtazameni nzi wa samoni aitwaye Jock Scott, huyu ninayemshika. Nusu ya mwili wa nyuma ni hariri ya manjano, nusu ya mbele hariri nyeusi, na uzi wa fedha umezungushwa juu yake. Hapa katikati pana manyoya ya ndege aitwaye tukani. Bawa ndilo linalotoa jasho: nyuzi za manyoya ya batamaji zilizotiwa rangi, za tausi, za tandawala, zimeunganishwa moja moja mpaka zikawa kama unyoya mmoja. Shavuni, unyoya wa jogoo-mwitu wa India. Ukikaza uzi kupita kiasi bawa linapinda. Ukilegeza, linazunguka kwenye ndoana. Hakuna dawa ila kufumua.

Kazi hiyo Megan aliifanyia Kintradwell, karibu na Brora, kwenye kibanda cha mabati chenye dirisha linalotazama bahari. Naam, mabati, kama yetu. Kwa miaka mingi nyumba yake haikuwa na umeme wala maji ya bomba. Alivaa koti na tai kama mwanamume, na wateja walisubiri zamu. Mwanamfalme Charles alikuwa mmoja wao.

Na hakuvua. Roho haikumpa kuua samoni. Nawaomba mlishike hilo, maana wapo wanaotuambia kwamba asiyevua hawezi kumjua nzi. Mvuvi anaujua mto wake. Fundi anajua ni kwa nini bawa limekaa wima. Ni elimu mbili, na sioni kwa nini moja iiombe nyingine radhi.

Mwaka 1971 alitunukiwa Medali ya Dola ya Uingereza, aende kuipokea katika kasri la Buckingham. Akajibu hataweza: hana wa kumwachia mbwa wake. Baadaye Charles mwenyewe ndiye aliyemkabidhi, hukohuko karibu na kwao.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 macho yalimchoka, akaweka vifaa chini. Alifariki mwaka 2001.

Nimesema vya kutosha. Kila meza ina nzi mmoja na ndoana mbili ndogo kuliko yake. Chukueni wembe, mfumue taratibu, msipoteze hata unyoya mmoja. Nitapita kuangalia mabawa.