Dawa Huchaguliwa Kwenye Kopo la Fomalini

Mtanivumilia, leo tena naanza na kopo. Najua mmekuja kusikia dawa za saratani ya utumbo mpana. Ila dawa hizo huchaguliwa kwa kupima kipande cha uvimbe, na kipande kikishaoza hakuna mashine ya kukifufua.

Utumbo ukitoka tumboni, uingie kwenye fomalini, ile dawa ya maji inayozuia nyama isioze, ndani ya saa moja. Iwe ya asilimia 10 yenye bafa. Isiyo na bafa hugeuka tindikali na kukatakata DNA. Ujazo wake uwe mara 10 ya nyama. Na mpasue utumbo kwa urefu kwanza! Ukiutumbukiza mzima kama soseji, nje unakakamaa, ndani unaoza.

Mtaniambia, "Sisi hatuna mashine ya jeni, tunapima protini tu." Vizuri sana! MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, protini nne zinazorekebisha makosa ya DNA, ndizo zinazobeba uamuzi mkubwa. Protini ikiwepo, kiini hupata rangi ya kahawia. Tazameni slaidi hii: viini vya seli za saratani havina rangi hiyo. Usikimbilie kuandika "protini imepotea". Tafuta limfosaiti, seli za kinga zisizo na saratani, pembeni. Viini vyake ni kahawia? Basi imepotea kweli. Navyo vimebaki buluu? Kipimo kimeharibika, rudia. Ukiandika "imepotea" hapo, umempa mtu pembrolizumab, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, isiyomfaa na kumnyima tibakemikali anayoihitaji. Wenye upungufu wa kweli wa protini hizi ni takriban 5 katika kila 100 ambao saratani imesambaa, lakini kwao tofauti si ndogo: katika jaribio la KEYNOTE-177, nusu ya waliopewa dawa hiyo walivuka miezi 16.5 kabla ugonjwa haujasonga au kuwaua. Kwa tibakemikali, miezi 8.2.

Haya, RAS, familia ya jeni zinazoiamuru seli ikue. Pimeni KRAS na NRAS, eksoni 2, 3 na 4, yaani vipande vya jeni vyenye maelekezo ya protini. Anayeishia kodoni 12 na 13 za KRAS, sehemu mbili ndogo tu za eksoni 2, hajapima. RAS ikiwa imebadilika, cetuximab, dawa inayoziba EGFR, kipokezi cha ishara za ukuaji kwenye uso wa seli, ni kufunga koki ya barabarani wakati tangi la juu ya paa ndilo linalomwaga.

BRAF V600E, badiliko moja la jeni ya BRAF: encorafenib, dawa ya kuizuia BRAF hiyo, peke yake haitoshi, seli hurudi kupitia EGFR, changanya na cetuximab. HER2 iliyozidi na KRAS G12C, badiliko moja la KRAS, nazo zina dawa zake, tutaziongelea kwenye maswali. Yale makundi manne ya CMS ya mwaka 2015, yanayogawa saratani hii kwa jinsi jeni zake zinavyofanya kazi? Mazuri kwa utafiti. Kliniki bado hatuandikii dawa kwa hayo.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi moja tu: kwenye lebo ya kopo andikeni saa utumbo ulipotoka na saa ulipoingia kwenye fomalini. Tarehe peke yake haitusaidii.