Drili Ilivyokwama Kwenye Mpingo

SOMOE: Mtwara kuchele!

BAKARI: Kuchele, da Somoe. Wasikilizaji mtusamehe na hizo kelele, tupo Chikongola hapa nyuma ya duka na jirani kawasha jenereta.

SOMOE: Leo usituzungushe kaka, anza na ile drili uliyoiunguza.

BAKARI: Aa, we nawe, unaanza na aibu yangu? Haya. Nilipata drili ya betri ya volti 18, zile zisizo na kaboni, mota nzima ila bodi imekufa, nikasema bodi naunda mwenyewe. Nikachukua chipu niliyokuwa nayo kwenye droo, kale kakompyuta kadogo kanakoendesha mota kwa programu, STM32F103, ile ya kwenye kibao kidogo cha bluu, kasi yake megahezi 72, nikaona hii si inatosha na chenji inarudi. Na ilizungusha kweli bwana! Nikatoboa mbao ya mwembe, safi kabisa, kichwa kikavimba, nikaipeleka kwa mchonga vinyago mmoja akaijaribie kwenye mpingo.

SOMOE: Mpingo! Mti ambao ukiutupa baharini unazama kama jiwe.

BAKARI: Biti ikang'ang'ania, mota ikasimama, na mi kidole bado kipo kwenye triga. Pah. Moshi.

SOMOE: Ngoja, watu waelewe. Kwani mota ikisimama umeme unafanyaje?

BAKARI: Mota ikizunguka inazalisha volti yake inayosukumana na ya betri, na huo msukumano ndo unazuia ampia zisipande. Sasa ikisimama hamna cha kusukuma, kumebaki upinzani wa waya tu. Tuseme kuanzia betri mpaka koili na kurudi ni omu 0.1, chukua 18 gawa kwa 0.1, ampia 180 hizo zinapita kwenye mosfeti, zile swichi za kielektroniki zinazowasha na kuzima koili za mota. Zipo sita, mbili kwa kila fezi, maana koili zimegawanywa fezi tatu, na zangu zilikuwa za bei chee.

SOMOE: Lakini si uliweka ulinzi kwenye programu? Ulijisifu sana hapa.

BAKARI: Niliweka. Inapima ampia kila milisekunde, inakusanya vipimo 8 inatoa wastani, zikizidi 60 inazima. Ila kukusanya 8 ni milisekunde 8, na humo katikati programu ilikuwa pia inahangaika na taa na kusoma triga, kwa hiyo hata hizo 8 sina hakika kama hazikuwa 10. Ilikuja kuzima wakati maiti imeshazikwa.

SOMOE: Si ungechukua chipu ya kasi zaidi basi.

BAKARI: Hapo ndo tunapopotea wengi, tunanunua megahezi. Hebu tupige hesabu. Mota yenye jozi 2 za sumaku, mizunguko 20,000 kwa dakika, kila mzunguko chipu inabadilisha fezi mara 12, jumla mara 4,000 kwa sekunde, yaani kila baada ya maikrosekunde 250. Chipu ya megahezi 64, chini hata ya ile yangu, hapo katikati inapiga midundo 16,000! Inakaa inapiga miayo. Labda utake ile njia ya kuendesha mota kwa mawimbi laini, isiyo na mtetemo, hiyo ina hesabu nyingi za kupiga kila pulsi, hapo sawa tafuta kitu kama STM32G431 ya megahezi 170 yenye kitengo chake cha kupigia hesabu za desimali. Drili ya kutobolea mlango haihitaji.

SOMOE: Mi nakubishia kidogo, mtetemo mkononi siku nzima unachosha.

BAKARI: Unachosha, sikatai. Ila mi swali langu la kwanza kwa chipu siku hizi ni moja: programu ikichelewa, au ikaganda kabisa, nani anazima mosfeti? Ndani ya chipu panatakiwa kompareta, sakiti ya kulinganisha volti mbili, inayoangalia ile rezista ndogo ya kupimia ampia, ikiona imepita kiwango inagonga taima, sehemu ya chipu inayotoa pulsi za kuwasha mosfeti, moja kwa moja na taima inafunga mosfeti zote sita, programu inakuja kuambiwa baadaye kama mgeni. Hiyo inafanyika kwa maikrosekunde, mara nyingine chini ya hapo.

SOMOE: Na F103 haina?

BAKARI: Taima yake nzuri tu, mguu wa kufunga dharura inao, inaweka mpaka ule mwanya mdogo ili mosfeti ya juu na ya chini zisiwake pamoja zikaleta shoti, kitu ambacho ATmega328P, chipu ya zile bodi za Arduino, taima zake hazina. Kompareta ndo haina. Lakini LM393, kompareta ya nje, imejaa kwenye pawasaplai za kompyuta mbovu, unaing'oa, unaiunga kwenye ule mguu. Mi sikuiunga, uvivu tu. Chipu ya STM32G071 kompareta zipo 2 ndani. Na kuna STSPIN32F0, hiyo imebeba chipu na draiva, yaani sakiti ya kuzisukuma mosfeti ziwake, kwenye paketi moja, inakula mpaka volti 45, kwenye mpini wa drili nafasi yenyewe unaijua ilivyo.

SOMOE: Mi nna langu, usingizi wa chipu drili ikiwa haitumiki. Watu wa huku drili inafanya kazi wiki moja alafu msimu wa korosho unaingia, kila mtu yuko shambani, ukirudi betri kavu.

BAKARI: Eeh, na lawama anabebeshwa muuza betri. Bodi ikinyonya miliampia 5 tu usiku na mchana, betri ya ampia-saa 4 inakwisha kwa saa 800, siku 33. Kwa hiyo soma datashiti inasemaje ikilala, na usiangalie chipu peke yake, regyuleta, ile inayoshusha volti ya betri iifae chipu, nayo inakunywa, mara nyingi kuliko chipu.

SOMOE: Msikilizaji wetu wa Nachingwea anauliza kama anaweza kung'oa zile sensa tatu za sumaku ndani ya mota, zinazoiambia chipu rota imekaa wapi, waya zake zimeoza kwa kutu.

BAKARI: Za blowa au grainda ang'oe, chipu itasoma volti inayozalishwa na mota. Drili asiguse! Hiyo volti mota ikiwa imesimama haipo, na drili kazi yake kubwa ni kuanzia sifuri na mzigo juu. Abadilishe waya tu.

SOMOE: Haya, na biti ya yule mchonga vinyago?

BAKARI: Bado ipo kwenye gogo. Nadaiwa.