Kitufe Kimoja, Majina Mawili

Walimu wa kwaya, wapiga vinanda, na ninyi mliotoka Newala na Masasi alfajiri, asanteni kwa kufika hapa Mtwara.

Nianze na neno dogo: ua. Nikilitamka peke yake, mtu wa Mikindani hajui kama nataja ua la asumini au ua wa makuti. Nikisema "ua hili", keshajua. Nikisema "ua huu", keshajua pia. Sauti ni ileile, jamaa zake ndio wanaoitambulisha.

Sasa tazameni kitufe cheusi kilicho kati ya A na B. Do ikiwa C, hicho ni le, yaani A shap, A iliyopandishwa nusu toni (hatua ndogo kabisa ya kinanda). Au ni ta, yaani B flati, B iliyoshushwa nusu toni. Kinanda hakibagui. Koo linabagua, kwa sababu le inatamani kupanda kwenye ti, na ta inatamani kushuka kwenye la.

Niliwahi kufundisha wimbo kutoka nakala ya mkono. Alto walikuwa na la, ta, ti, na kila tukifika hapo ti yao ilitoka chini. Niliwarudisha mara kumi, nikawalaumu. Nyumbani nikaisoma nakala upya: besi fe, teno de, alto ta. Kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ya namna hiyo hujengwa kwa kuruka noti mojamoja: fe, le, de. Mwandishi alikosea jina. Nilifuta ta nikaandika le, na mazoezi yaliyofuata wakapanda vizuri. Niliwaomba radhi.

Usawa huu wa kinanda umetengenezwa. Oktavu, yaani kutoka do hadi do ya juu, imegawanywa nusu toni 12 zilizo sawa, kila moja ikizidisha mitetemo kwa takriban 1.0595. Kwa masafa safi, yaani ya uwiano wa namba ndogo, hesabu haifungi: panda kutoka C kwenda E kwa kuzidisha mitetemo kwa 5/4, kisha vivyo hivyo hadi G shap, kisha B shap, ambayo kwenye kinanda ni kitufe cha C ya juu, unapata 1.953, wala si 2. Kwa hiyo G shap safi na A flati safi hupishana karibu sehemu 41, ukigawa nusu toni katika sehemu 100. Zamani huko Ulaya baadhi ya vinanda vya kanisani vilipasuliwa vitufe vyeusi ili kila jina lipate sauti yake. Nawaheshimu sana mafundi wale.

Kwa funguo, yaani noti ambayo wimbo unaifanya do, F shap yenye shap 6 ni sawa na G flati yenye flati 6, chagueni. Ila C shap ina 7, na D flati ina 5 tu. Mhurumieni mpiga kinanda.

Kinachonisisimua zaidi ni kodi. A flati, C, E flati, G flati: hii inaelekea D flati. Iite ile ya juu F shap, vidole visisogee hata kidogo, na mlango wa G unafunguka.

Soprano, simameni. Shikeni noti hii. Mara ya kwanza ni G flati, shukeni nusu toni. Mara ya pili ni F shap, pandeni. Moja, mbili…